Nilitumwa Iowa Kumrudisha Mdogo Wangu

Ukiwaambia watu wa Dar kwamba unakwenda Marekani, wanakuuliza New York au Washington. Mimi nilipojibu Iowa, shosti wangu mmoja saluni alinitazama kwenye kioo akaniuliza, "Hiyo ni hoteli?"

Simlaumu. Hata mimi, mpaka mdogo wangu alipoolewa huko, sikujua kama kuna jimbo lenye jina hilo. Liko katikati ya Marekani, sehemu ile wenyewe wanayoiita Magharibi ya Kati. Mashariki kuna Mto Mississippi, magharibi kuna Mto Missouri, na hapo katikati ni mahindi, soya na nguruwe, basi. Sensa ya 2020 ilihesabu watu milioni 3.2 jimbo zima. Dar es Salaam peke yake, kwa sensa yetu ya 2022, ina zaidi ya milioni 5.3. Nguruwe wa Iowa sasa, hao wanapita milioni 20.

Sikwenda kutalii, nilitumwa. Mdogo wangu alikwenda kule kusoma, akakutana na kijana wa Kikongo, mtu wa Uvira, kwenye kanisa linalosali kwa Kiswahili. Wakapendana, wakaoana. Hilo mama yetu alilimeza. Lakini mwaka jana aliposikia kwamba wanataka kununua nyumba kwenye kamji fulani ka mashambani, alinipigia simu kutoka Kilosa usiku wa manane.

"Mtu akishanunua nyumba ugenini, huyo harudi tena," alisema. "Wewe ndiye mkubwa. Nenda kamwambie arudi. Nyumba yake si iko Morogoro?"

Nikaitikia ndiyo, mama. Hiyo nyumba ya Morogoro tutaifikia, msomaji wangu. Acha kwanza nikupeleke Iowa.

Kamji ka watu mia tisa

Nilitua Cedar Rapids Oktoba iliyopita, jioni. Kutoka Chicago ndege haikuchukua hata saa moja. Chini dirishani niliona ardhi imekatwa vipande vya mraba vilivyolingana, kama mtu alivyokata kashata kwenye sinia, nikadhani ni mashamba ya tajiri mmoja. Kumbe ni kazi ya serikali. Kuanzia miaka ya 1830, kabla ya kuwauzia watu ardhi, wapima ardhi waliigawa Iowa kwa mistari iliyonyooka, maili moja kwa maili moja. Barabara nyingi za mashambani zinafuata mistari hiyo mpaka leo. Shemeji aliendesha karibu nusu saa bila kukunja usukani, nikasinzia.

Mji wao sitautaja. Una watu kama mia tisa, na nikisema tu "yule Mtanzania aliyeolewa na Mkongo" kila mtu atajua ni nani. Una barabara moja yenye maduka, posta, benki, baa, makanisa mawili, na nyumba ya kutunzia wazee ambamo mdogo wangu anafanya kazi. Kando ya reli yamesimama maghala ya nafaka, marefu kuliko mnara wa kanisa. Nilifika msimu wa mavuno, na mashine za kukaushia mahindi zilikuwa zinaunguruma usiku kucha. Usiku wa kwanza sikulala. Wa pili nililala kama mtoto.

Nyumba yenyewe ni ya mbao, rangi nyeupe iliyoanza kubanduka, vyumba vitatu, baraza mbele, na chumba cha chini ya ardhi cha kukimbilia kimbunga. Bei dola 92,000. Kwa Mikocheni hapo utapata kiwanja na maneno. Nilizunguka kila chumba nikitafuta kasoro za kumpelekea mama. Ngazi inalia. Madirisha ya zamani. Mvungu wa sinki una ukungu.

"Na huu mji," nilimwambia mdogo wangu, "mbona kama unakufa?"

Nilikuwa nimeona maduka manne yamefungwa, mengine yamewekewa mbao madirishani. Shule ipo, jengo zuri la matofali, lakini halina wanafunzi. Watoto wanapandishwa basi kwenda mji mwingine.

"Dada," alisema, "unaujua mji huu tangu jana."

Kwa kweli alikuwa na haki. Basi nikaamua kuujua, na mwenzenu nikipania jambo napania. Nilikaa wiki tatu. Nikawa naenda naye kazini, nakaa na wale bibi na babu wakinisimulia, na siku zake za mapumziko tunazunguka na gari.

Reli na mpira wa kikapu

Miji mingi ya Iowa ilizaliwa na reli. Injini za mvuke zilihitaji maji na makaa, wakulima walihitaji mahali pa kushushia mahindi pasipo mbali kwa gari la farasi, kwa hiyo kampuni za reli zilipanda stesheni kama tunavyopanda migomba, moja hapa, nyingine kilomita chache mbele. Mji uliopitwa na reli ulihama au ulikufa.

Ndiyo maana watu wa Iowa City, kilomita kama 40 kusini mwa Cedar Rapids, walifanya kituko ambacho kinasimuliwa hadi leo. Waliahidi kampuni ya reli dola 50,000 kama treni ingefika mjini kwao kabla mwaka 1855 haujaisha. Desemba 31 ikafika, baridi kali mno, reli bado haijamalizika. Wananchi wakatoka majumbani, wakawasha mioto, wakashika vyuma pamoja na vibarua. Injini ikaganda kwa baridi kabla ya kufika, wakaikokota kwa nguvu za mikono. Wakawahi. Na unajua kilichofuata? Miaka miwili haikupita, 1857, makao makuu ya jimbo yakahamishiwa Des Moines! Iowa City ikabaki na treni yake na chuo kikuu, na jengo la serikali wakapewa wanachuo. Chuo hicho ndicho kinachoulisha mji mpaka sasa.

Mimi ni mtoto wa Kilosa, kwa hiyo habari za reli huhitaji kunisimulia. Niliona mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 yalivyoibomoa njia kati ya Kilosa na Gulwe, na jinsi mji unavyonyamaza treni isipopita. Mama muuza chapati stesheni hajui alipie wapi ada. Iowa nao yamewakuta. Rock Island, kampuni iliyokuja kuimiliki reli ile ya Iowa City, ilifilisika na kusimamisha treni zake 1980. Halafu miaka hiyohiyo ya themanini wakulima waliokopa wakati bei ya ardhi iko juu wakashindwa kulipa, ardhi ikashuka thamani, mashamba yakapigwa mnada, na benki za miji midogo zikafunga milango. Babu mmoja aliniambia alisimama uani kwake akitazama majirani wakinunua trekta lake. Hakuwalaumu. Alisema bora wao kuliko mgeni.

Shule nazo zikaanza kuunganishwa. Kwa Iowa hilo ni msiba wa pili, kwa sababu shule ndiyo timu, na timu ndiyo mji. Kuna bibi mmoja pale kazini kwa mdogo wangu, ana miaka themanini na kitu, mikono imekakamaa, lakini ukimtajia mpira wa kikapu anakaa wima. Zamani wasichana wa Iowa walicheza kikapu cha aina yake, sita kwa sita. Washambuliaji watatu upande mmoja wa uwanja, mabeki watatu upande wa pili, na hakuna kuvuka mstari wa katikati. Ukipata mpira unaudunda mara mbili tu, halafu utoe. Mashindano ya jimbo yalianza 1920, na kila mwaka vijiji vizima vilihamia Des Moines kwenda kushangilia. Ilikuwa ni wakati ambapo majimbo mengi Marekani yaliona msichana kutoka jasho hadharani ni aibu. Iowa waliendelea na mchezo huo mpaka 1993.

Bibi yeye alikuwa beki.

"Ulifunga magoli mangapi?" nilimuuliza, mdogo wangu akitafsiri pale Kiingereza changu kilipokwama.

Akacheka mpaka akakohoa. Beki haruhusiwi kuvuka, kwa hiyo miaka yote minne aliyocheza hakuwahi kurusha mpira kwenye goli hata mara moja. "Lakini waulize waliojaribu kunipita," alisema.

Wote aliocheza nao wamekufa. Jumba la michezo bado lipo ndani ya ile shule iliyofungwa, na mji unalikodisha kwa harusi. Mdogo wangu alifanyia humo sherehe yake. Bibi alialikwa, akakaa meza ya mbele upande wake wa uwanja.

Amana, mahali ambapo mchumba aliombewa ruhusa

Siku ya nne tulikwenda Amana. Hapa wapenzi wa ukurasa huu mtege sikio. Amana ni vijiji saba vilivyoanzishwa kuanzia 1855 na Wajerumani waliokuwa na dhehebu lao, wakitokea karibu na Buffalo, New York. Walinunua ardhi pamoja, wakafanya kazi pamoja, na hakuna aliyelipwa mshahara. Nyumba hazikuwa na majiko. Watu thelathini, arobaini walikula kwenye jiko moja, wanaume meza zao, wanawake meza zao, na jiko lilikuwa na mama mkuu ambaye neno lake lilikuwa sheria. Majiko ya namna hiyo yalizidi hamsini. Nilimwambia mdogo wangu, hebu fikiria wifi zako wote jiko moja kwa miaka themanini! Akaniambia hapendi hata kufikiria.

Na ndoa? Mwanaume hakuruhusiwa kuoa kabla hajafikisha miaka 24. Ukipata mchumba, unakwenda kuomba kibali kwa baraza la wazee. Wazee wakiona sawa, mnaambiwa msubiri mwaka mzima. Mwaka! Wenzetu siku hizi mwaka mmoja unatosha kuoana, kuachana na kufutana kwenye simu.

Mambo hayo yaliendelea hadi 1932, mwaka wanaouita wa Mabadiliko Makubwa. Kinu chao cha unga na kiwanda cha blanketi vilikuwa vimeungua 1923, uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka, na vijana walitaka vitu vyao wenyewe, mshahara wao, meza yao. Wakapiga kura, wakatenganisha kanisa na biashara, kila mtu akapewa hisa. Miaka miwili baadaye kijana mmoja wa hapohapo, George Foerstner, akaanzisha kazi ya kutengeneza majokofu, na hizo ndizo friji za Amana ambazo Wamarekani wengi wanazijua kuliko wanavyovijua vijiji vyenyewe.

Sasa kwenye jumba lao la makumbusho kuna jiko moja limeachwa kama lilivyokuwa, na mezani wamepanga sahani. Mdogo wangu alisimama pale muda mrefu. Nikamuuliza unawaza nini. Akasema anawaza siku ya kwanza ile, 1932, mwanamke anapika kwa mara ya kwanza maishani chakula cha watu wanne tu, mume na watoto wake wawili, nyumbani kwake, na hajui aweke chumvi kiasi gani.

Nilijua anaongelea nini. Nikajifanya sijaelewa, nikanunua mkate.

Mto Cedar na msikiti mama

Jumapili baada ya ibada shemeji alisema, "Yaya, leo mimi ndiye nakutembeza." Yeye anafanya kazi kiwandani Cedar Rapids zamu ya usiku, na mji ule anaujua mtaa kwa mtaa.

Alituanzisha kwenye uwanja wa majani mtupu kando ya Mto Cedar. Nikasema mbona hapa hamna kitu. "Palikuwa nyumba," alisema. Mtaa huo unaitwa Time Check. Wanasimulia kwamba jina lilitokana na wafanyakazi wa reli wa zamani, ambao walilipwa kwa hati zenye tarehe ya mbele, yaani umefanya kazi leo, fedha utaichukua mwezi ujao. Juni 2008 mto ulipanda zaidi ya futi 31 na ukaingia nyumba zaidi ya 5,000. Baada ya hapo mji ulinunua nyumba na majengo zaidi ya 1,300 na kuyabomoa. Ngazi za saruji za baadhi ya nyumba zilibaki miaka kadhaa, zinapanda kwenda hewani.

Upande huohuo wa mto, kwenye mtaa wa Wacheki, wao walikuwa na makumbusho yao ambayo marais watatu, Clinton wa Marekani, Havel wa Cheki na Kováč wa Slovakia, walikwenda kuyafungua 1995. Maji yaliingia humo vilevile. Unajua walifanyaje? Mwaka 2011 waliling'oa jengo lote, tani zipatazo 1,500, wakalivuta kama mita 146 na kuliinua zaidi ya mita tatu. Nilidhani shemeji ananitania mpaka niliposoma bango.

Lakini kilichonigusa zaidi kilikuwa kijumba cheupe chenye kuba dogo la kijani, katikati ya nyumba za kawaida. Wanakiita Msikiti Mama wa Marekani. Waarabu kutoka Syria na Lebanon walifika Cedar Rapids mwishoni mwa karne ya 19, wengi wakianza kama wachuuzi, mzigo mgongoni, shamba hadi shamba. Msikiti wao ulikamilika 1934, na ndio wa zamani zaidi nchini humo kati ya ile iliyojengwa mahsusi kuwa msikiti na ingali imesimama. Mwaka 1971 walijenga mkubwa zaidi, huu wakauuza. Ukapita mikono mingi, ukawa hata kanisa, mwisho ukaachwa unaoza. Mwaka 1990 Waislamu wakaununua tena, wakaukarabati. Mafuriko ya 2008 yakajaza chumba chake cha chini na kuharibu kumbukumbu. Wakasafisha. Agosti 10, 2020 ikaja dhoruba ya upepo iliyoangusha zaidi ya nusu ya miti ya mji huo kwa muda usiofika saa moja, na msikiti ukabaki pale pale.

Shemeji ni mlokole, lakini alivua kofia. "Hawa walikuwa wachuuzi," alisema. "Mimi Uvira nilikuwa nauza sabuni."

Waliojinunulia kwao

Wiki ya mwisho nilikuwa bado sijatimiza nilichotumwa. Mama kila siku anapiga, "Umemwambia?" Nami nasema, bado namwandaa. Mdogo wangu akaomba siku mbili kazini, tukaondoka wawili tu kwenda kuona mji mmoja ambao yule bibi beki alikuwa ameutaja, mji uliopotea.

Njiani tulipita Tama. Pale wanaishi Wameskwaki, wenyeji wa asili. Baada ya vita vya 1832 watu weupe waliingia Iowa kwa wingi, na kufikia 1845 Wameskwaki waliamriwa kuhamia Kansas. Wengine walijificha, wengine walirudi kimyakimya. Kisha wakafanya jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Waliuza farasi zao na walivyonavyo, wakakusanya dola 1,000, na mwaka 1857, baada ya bunge la jimbo kukubali wabaki, wakanunua ekari 80 za ardhi iliyokuwa yao. Hawakuruhusiwa kuandikishwa kama wamiliki, ikabidi gavana aishike kwa niaba yao. Wameendelea kuongeza kidogo kidogo, leo wana zaidi ya ekari 8,000. Wao hawapendi iitwe hifadhi iliyotolewa na serikali, kwa sababu hakuna aliyewapa.

"Hati ikishikwa na mtu mwingine inahitaji roho ngumu," alisema mdogo wangu, macho yako barabarani.

Sikumjibu. Tulishuka kusini, tukapita Oskaloosa, kisha barabara ya changarawe, vumbi nyuma yetu kama la Kongwa. Akasimamisha gari. Mahindi kushoto, malisho kulia, mabaki ya ukuta wa mawe kwa mbali, na makaburi yaliyoinama.

"Buxton ndiyo hii," alisema.

Msomaji wangu, hapa palikuwa na mji wa watu karibu 5,000. Kampuni ya makaa ya mawe iliyokuwa chini ya shirika la reli la Chicago and North Western iliujenga mwaka 1900 hivi. Miaka ya 1880 kampuni hiyo ilikuwa imewaleta watu weusi kutoka Virginia, mwanzoni kuvunja mgomo wa wachimbaji, na walipohamia Buxton watu weusi walikuwa zaidi ya nusu. Kulikuwa na madaktari weusi, mawakili weusi, walimu weusi. Nyumba zilifanana, kila moja na kiwanja cha bustani. Malipo ya mgodini yalikuwa sawa kwa mweusi na mweupe, na watoto walisoma darasa moja. Hayo yakiwa miaka ya 1900 na 1910, wakati Marekani kusini mtu mweusi anachomwa moto hadharani! Walikuwa na jengo la YMCA la ghorofa tatu na timu ya besiboli iliyoitwa Buxton Wonders. Mwanasheria wao mmoja, George Woodson, mwaka 1925 alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha mawakili weusi wa nchi nzima.

Halafu makaa yakapungua na kampuni ikafungua migodi kwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 watu walikuwa wameshaondoka karibu wote. Wengi walikwenda Des Moines, kwenye mitaa ya Center Street, wakajenga upya, na miaka ya 1960 mipango ya mji na barabara kuu ikaja ikaibomoa mitaa hiyo nayo.

Nikaona hii ndiyo nafasi. "Unaona sasa?" nilimwambia. "Watu elfu tano, leo mahindi. Ndiko unakotaka kutupa akiba yako? Rudi nyumbani mdogo wangu. Nyumba yako ya Morogoro..."

Akanikata. "Nyumba gani, Dada?"

Tangu 2017 mdogo wangu alikuwa ananitumia fedha nimsimamie ujenzi Kihonda. Msingi ulikwenda vizuri. Kuta zikafika kwenye linta. Mwaka 2020 duka langu la vitenge likayumba, nikachukua milioni tisa, fedha ya bati, nikajiambia nitazirudisha mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu ukapita. Nikasema bei ya bati imepanda. Nikasema fundi anaumwa. Nikasema mvua. Alipozidi kuuliza nilipiga picha paa la jirani, nikamtumia.

"Ile picha," alisema, "ilikuwa na tenki jeusi la maji. Langu lilikuwa halijanunuliwa. Nililijua siku ileile."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ungesema nini? Ungepiga picha nyingine."

Upepo wa Iowa una kelele kwenye mahindi makavu, kama watu wengi wanaonong'ona. Nilijaribu kuomba msamaha, maneno yakatoka ovyo, nikataja duka, nikataja Korona, nikataja mume wangu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akaonyesha kwa kidole ule ukuta wa mawe.

"Hawa walikaa hapa miaka ishirini," alisema. "Walilala ndani ya nyumba zenye paa. Mimi nina miaka thelathini na nne, sijawahi kulala kwenye nyumba yangu hata usiku mmoja. Mji ukifa, utakufa mimi nikiwa ndani."

Akarudi kwenye gari. Mimi nilibaki pale makaburini kama dakika kumi, nasoma majina, sikumbuki hata moja.

Mpaka Oskaloosa hakuna aliyesema neno. Tulipofika kituo cha mafuta akaninunulia kahawa, akaninunulia na soksi nzito kwa sababu alikuwa ameniona natetemeka. Tukiwa tumekaa ndani ya gari akatoa masharti yake, mmoja mmoja, kama karani. Milioni tisa nitazilipa, laki tatu kila mwezi. Nyumba ya Kihonda itaezekwa, na akiingia mtu awe mama, ili atoke Kilosa kwenye maji yanayomtisha kila masika. Na mama ataambiwa, si na yeye.

"Na nani?" niliuliza, kama mjinga.

Aliwasha gari.

Walisaini karatasi za nyumba siku mbili kabla sijaondoka. Dalali, mama mmoja mzee, aliwaletea pai la maboga. Jioni shemeji alikuwa anakwangua rangi ya baraza, mdogo wangu yuko juu ya kiti anapima dirisha la sebuleni kwa ajili ya pazia, mimi nimeshika ncha ya pili ya tepu, ile mashine ya mahindi inaunguruma kule relini. Simu yangu ikaita. Tulilitazama jina wote wawili.

"Pokea," alisema, bila kushuka kwenye kiti.

Kwa mama kulikuwa hakujapambazuka. Nikasikia jogoo. Nikamwambia, "Mama, shikamoo. Kaa kitandani kwanza. Nina habari ya nyumba mbili, na naanza na ya Morogoro."